Pepo Katika Breki za Mama

Mafuta ya breki yana harufu ya utamu usioaminika, kama sharubati iliyofichwa ndani ya kopo la samaki. Juzi nilikuwa nimeketi kando ya barabara ya Nimule, nikisubiri lori nililopanda lifunguliwe gurudumu, dereva akachomoa kizibo cha chupa ndogo, na harufu ile ikanishika kabla sijajua ni nini. Nikasimama wima. Utingo akaniuliza kama nimeumwa na siafu. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mama yangu. Akaniangalia kama mtu anayejiuliza ni mama wa namna gani huyo anayekumbukwa kwa mafuta ya breki, nami nikaona fahari inanipanda kifuani, maana mama wa namna hiyo ninaye.

Shule niliiacha mapema, na sioni haja ya kuisingizia. Nilikuwa mtoto wa kuuliza swali la pili kabla mwalimu hajamaliza kujibu la kwanza, na darasa lililojaa halina nafasi ya maswali ya pili. Tangu hapo nimeuza chai bandarini Juba, nimepika kwenye tishari la kwenda Bor, nimeshona magunia Gulu, nimekuwa utingo mwenyewe, mwanamke peke yangu juu ya mizigo. Sijawahi kukaa mahali hadi nikayajua majina ya mbuzi wa jirani. Lakini popote ninapofika, gari likiharibika hujilaza chini yake niangalie, na watu huniuliza nani alinifundisha. Jibu langu huwa refu kuliko walivyotaka.

Gari letu lilikuwa vani ya zamani, nyeupe kwa jina tu. Lilikuwa la Baba. Alilitumia kupeleka mikate madukani huko Kitale, nilikozaliwa, na hata baada ya miaka ya vumbi la Juba, siku ya mvua ungeweza kuinua zulia la nyuma ukasikia harufu ya mkate. Baba tulimzika Kitale. Mchungaji alisimama kando ya kaburi akasema ndugu yetu sasa yuko peponi, nami nikamshika Mama mkono nikamuuliza peponi ni wapi, akasema ni mahali pazuri, nyamaza. Muda si mrefu tukafunga virago tukarudi Juba pamoja na wengine waliokuwa wanarudi wakati ule. Yaani Mama alirudi. Mimi nilikuwa naenda. Gari ndilo lililobaki la Baba, na Mama, ambaye kabla ya hapo aliliendesha ndani ya ua tu, alilileta hadi nyumbani kwao Rejaf, nje kidogo ya Juba, kwa mikono yake miwili.

Akaweka viti, akaanza kazi. Kila asubuhi alishuka hadi kwenye ukingo wa mto, pale wanawake wa Rejaf walipokusanyika na makapu ya mboga, kudra na rijila na jirjir bado zina umande, akawapeleka soko la Malakia. Hakukuwa na mwanamke mwingine aliyeshika usukani kwenye njia ile. Madereva wanaume walimwita Mama Hafila, yaani mama basi, na walilitaja jina hilo kwa sauti ambayo mtoto huielewa hata kama halielewi neno. Mama alikuwa akiwapungia mkono kama waziri.

Wanawake walimpenda kwa sababu alifunga makapu yao kama vile ni ya kwake. Mkubwa wao alikuwa Haboba Keji. Haboba ni bibi kwa Kiarabu cha Juba, na yeye alikuwa bibi wa kila mtu, mrefu, mkavu, mwenye rozari shingoni na maneno machache. Alipokaa Haboba ndipo wote walipokaa. Alipoamua kwamba mchuuzi fulani ni mwizi, mchuuzi huyo alihama soko. Kiti chake kilikuwa cha mbele, karibu na mlango. Mama kwenye usukani, na mimi katikati yao juu ya kifuniko cha injini, nimekalia kitambaa kilichokunjwa kwa sababu ya joto. Nilikuwa na umri wa meno ya mbele kuota upya, na niliamini nafasi ile nimepewa kwa heshima.

Ile njia ya kushukia mtoni ilikuwa na mteremko, si mkali sana, lakini mrefu, wa udongo mwekundu unaoteleza, na mwisho wake ni watu, makapu, na maji. Tulipoufikia mteremko Mama alianza kuimba. Alikuwa na wimbo mmoja wa kwaya wa Kitale, na aliupigia mdundo kwa mguu: tap tap, tap tap. Nami nikaupiga kwa kisigino changu juu ya kifuniko cha injini. Niliona ni jambo zuri kabisa, mama anayeimba akishuka mlima. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mguu ule haukuwa ukipiga mdundo. Ulikuwa ukikanyaga breki, mara mbili, mara tatu, mpaka ishike, na wimbo ulikuwa wa kuufunika mguu ili mimi nisijue. Alikuwa amepanga kumwona fundi mwisho wa wiki.

Mwisho wa wiki haukungoja. Asubuhi moja wimbo ulikatika katikati. Mama akavuta handbreki, akakata usukani kuelekea kwenye tuta la matope, na gari likasimama likiwa limeegemea upande, pua yake imeingia ndani ya makapu. Hakuna aliyeguswa. Harufu ya mboga zilizopondwa, kali na ya kijani, ikapanda kupitia dirishani. Haboba Keji alikuwa amerudi nyuma hatua chache tu. Alikuja taratibu, akaweka mkono juu ya bonneti kama unavyompima mtoto homa, akamwambia Mama kwa Kiarabu, "Binti yangu, gari lako limeacha kukusikia."

Mama hakujitetea. Aliteremka, akaokota mboga moja moja, akaahidi kufidia zilizoharibika, akasema hatambeba mtu mpaka gari lipone. Haboba akaona ni haki. Akamwita Tabitha, msichana aliyekulia Kenya kama sisi na anayejua Kiswahili, akamwambia aende kwa fundi, asikie kitakachosemwa kwa masikio yake, amletee habari. Mama akatupandisha mimi na Tabitha bodaboda. Yeye akaliendesha gari peke yake, gia ya kwanza, kandokando kabisa ya barabara, mkono kwenye handbreki, mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani.

Fundi wetu aliitwa Okello, Mganda, na gereji yake ilikuwa ukuta mmoja wa Malakia na kontena bovu lililofanywa duka la spea. Alikuwa mtu mnene mwenye furaha, aliyejisifu sana, na sifa zake nyingi zilikuwa za kweli. Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda, kile kisichobishana na ngeli. Mtu, gari, mvua, vyote kwake vilikuwa "iko". Aliketi kwenye kiti cha dereva, akakanyaga pedeli. Ikazama hadi karibu na sakafu. Akakanyaga haraka haraka, ikapanda ikawa ngumu. Akaiacha kidogo, akakanyaga tena, ikazama vilevile. Akafungua kopo la mafuta ya breki, yalikuwa yamepungua kidogo tu. Akajilaza akachungulia magurudumu yote, makavu. Akaamka akijipangusa mikono, akatoa hukumu.

"Mama, hii breki iko na pepo. Pepo mingi. Mimi natoa yote leo."

Tulikuwa watatu tuliomsikia, na kila mmoja alisikia lake. Mama alisikia upepo. Alimjua Okello, alijua herufi zinazodondoka njiani anapozungumza, na alikumbuka fundi mwingine aliyebadilisha pedi za breki mwezi uliopita akaacha kopo likauke, upepo ukaingia kwenye paipu. Kwake neno lile lilikuwa habari njema, maana upepo ni wa kutolewa tu. Tabitha alisikia pepo. Alishika kifua, akauliza kwa sauti ndogo kama ni pepo wa kweli, Okello akamwambia kweli kabisa, yeye ametoa pepo kwenye gari nyingi, hata za wachungaji. Tabitha hakungoja chai. Alipanda bodaboda ya kurudi Rejaf, na huko akalitafsiri neno kwa Haboba kwa namna pekee inayowezekana kulitafsiri: shetani.

Mimi nilisikia pepo, lakini sikusikia shetani. Nilimkumbuka mchungaji kando ya kaburi. Baba yuko peponi. Na pepo iko ndani ya gari, fundi mkubwa ameikuta kwa mguu wake. Kwa hiyo Baba yuko ndani ya gari. Sikuona ajabu. Lilikuwa gari lake, lilikuwa na harufu ya mikate yake, angekwenda wapi kwingine? Ajabu niliyoiona ilikuwa moja tu, kwamba Mama alikuwa amesimama pale akikubali, tena akitabasamu, atolewe.

Walipoanza kazi nilikimbia nyuma ya kontena nikaziba masikio. Nilisikia hata hivyo. Okello chini ya gari, Mama juu kwenye pedeli. Pampu, pampu, kamata hapo. Halafu kimya kidogo, halafu tena. Nilipotoka, nilimkuta Mama amekaa kwenye kiti, mguu juu ya pedeli, uso umekunjamana.

Okello alisema imekwisha. Mama akasema bado. Pedeli haizami tena, lakini ni kama kukanyaga unga uliokandwa, inashika huku inabonyea. Okello akasema pepo kidogo iliyobaki itajitoa yenyewe barabarani.

"Kitu kilichobaki hakijitoi, Fundi," Mama akasema. "Mguu wangu haujagusa kitu kigumu."

Okello akajikuna, akasema basi ni masta silinda, ile pampu kuu ya breki, iagizwe Kampala. Mama akamwambia angoje. Akakanyaga pedeli akaikandamiza bila kuiachia, akaimba ubeti mzima wa wimbo wake polepole, macho yake kwenye goti. Nikaona goti halishuki. Alipomaliza akasema kama masta silinda ingekuwa inapitisha mafuta kwa ndani, mguu ungekuwa umezama kidogo kidogo wakati anaimba. Haukuzama. Kuna kitu kinatanuka mahali fulani. Okello akajaribu mwenyewe, bila kuimba, akakubali. Alisema Mama angezaliwa Uganda angekuwa fundi mkubwa. Mama akajibu kwamba amezaliwa Rejaf na ataendelea kuwa dereva, kesho watafute.

Kesho yake alfajiri alinipandisha bodaboda twende mtoni kuwaambia wanawake wavumilie siku moja zaidi. Tuliwakuta wamesimama, lakini si mahali petu. Walikuwa karibu na vani nyingine, ya buluu, yenye muziki, na kijana mmoja alikuwa ameegemea mlango akiwaita wamama wapande, gari lake jipya, breki zake zimebatizwa, halina shetani. Baadhi walicheka. Tabitha alikuwa anaangalia chini.

Nilijua hata kwa umri ule kilichokuwa kinatokea. Gari la Mama lilikuwa ni wanawake wale. Wakipanda kwa kijana leo, Haboba akikaa kwenye kiti cha mbele mara moja tu, njia imekwenda, na Mama atabaki na vani ya kupeleka mikate ambayo hakuna anayeioka. Madereva wangesema waliyokuwa wakisema, safari hii wakiwa na sababu.

Haboba Keji hakuwa amepanda. Alikuwa amekalia kapu lake lililopinduliwa. Mama alimwamkia, akamweleza kwamba ni upepo, si shetani, fundi ni Mganda. Haboba akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kila mtu mwenye shetani husema ni upepo.

"Leo nakwenda na wewe kwa huyo fundi," akasema. "Nataka kumwona shetani akitoka. Nikimwona, ni sawa. Nisipomwona, kesho nakaa kule." Akaonyesha vani ya buluu kwa kidevu.

Kijana akasema wamama wasipoteze siku. Haboba akamwambia mboga zitauzwa leo kandokando ya barabara, hazitakufa, na apunguze ule muziki, mto umelala.

Ndivyo alivyofika kwenye gereji ya Okello, akapewa kigoda, akakaa na rozari mkononi kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi. Okello alifurahi kupata hadhira. Mama aliingia kwenye gari akaanza kukanyaga, Okello akazunguka na spana akigonga hapa na pale. Nami, kwa sababu niliona siku hii ndiyo ya mwisho, nikajilaza kwenye vumbi nikajiviringisha chini ya gari. Nilitaka kumuaga Baba. Au kumwambia ajifiche vizuri, sikumbuki vema.

Chini ya gari ni nchi nyingine. Kuna kivuli chenye harufu ya chuma na matope makavu, na sauti za juu huja kama kutoka chumba cha pili. Nilifuata yale mapaipu membamba kwa macho, kutoka mbele kwenda nyuma, nikimtafuta. Karibu na gurudumu la nyuma, paipu ya chuma iliungana na kipande cha paipu ya mpira, nyeusi, yenye mikunjo kama shingo ya kobe. Mama akakanyaga. Mpira ukavimba. Mama akaachia. Ukasinyaa. Akakanyaga, ukavimba. Nilisogeza uso karibu mpaka pua ikakaribia kuugusa.

Nikaita kwa furaha yangu yote. "Mama, Baba anapumua huku!"

Pedeli ikanyamaza. Nikaona miguu ya Mama ikishuka kutoka kwenye gari, halafu magoti yake kwenye vumbi, halafu uso wake, upande, shavu likiwa chini, ukinitazama. Sijawahi kuusahau uso ule. Hakucheka na hakulia. Alijivuta hadi ubavuni mwangu na kitenge chake kizuri, akaniuliza ni wapi. Nikamwonyesha. Akamwambia Okello aingie akanyage, na sisi wawili tukalala pale tukiangalia shingo ya kobe ikivimba na kusinyaa.

"Huyo si Baba," akaniambia kwa sauti ya chini. "Baba yako hata ukimkanyaga hakuwa akivimba. Ni mpira umechoka. Nikikanyaga, nguvu yangu inaishia hapa, haifiki kwenye gurudumu."

Nikamuuliza, na pepo je? Fundi amesema ipo.

Nadhani ndipo alipoelewa niliyoyabeba tangu jana. Akanieleza pale pale, vumbi likitudondokea nyusoni. Pepo aliyoitaja mchungaji iko mbinguni, na hakuna fundi anayeifikia kwa spana. Anachokisema Okello ni upepo, huu ninaoupuliza, akanipulizia usoni. Umeingia kwenye paipu ukakaa mahali pa mafuta. Mafuta hayakubali kubanwa, upepo unakubali, ndiyo sababu mguu unazama. Kasoro ya Okello ni herufi moja. Kisha akasema neno ambalo nimetembea nalo barabara zote hizi: "Lakini umetafuta vizuri. Sisi wakubwa tulikuwa tunaangalia magurudumu."

Okello alipochungulia na kuuona mpira akapiga kofi paja lake, akatangaza kwa gereji nzima kwamba toto imepata ugonjwa, toto iko na jicho ya fundi. Aliingia kwenye kontena akarudi na paipu mpya ya mpira, nyembamba, nyeusi ya kung'aa, akaifunga huku akituambia kwamba na yeye alikuwa karibu kuiona.

Sasa lilibaki la kutoa upepo upya, maana paipu ikifunguliwa unaingia. Mama akanitazama. Akanisimamisha ndani ya gari, miguu yangu miwili juu ya pedeli, mikono imeng'ang'ania usukani kwa chini kama tawi. Yeye mwenyewe akachukua chupa ya plastiki yenye mafuta kidogo na kijibomba kinachoonyesha kilicho ndani, akamsogezea Haboba kigoda hadi kwenye gurudumu la nyuma, lile lililo mbali zaidi na pedeli. Akamwambia aangalie kwenye chupa, asipepese.

"Pampu," Okello akaita. Nikapampu, nikipanda na kushuka kwa mwili mzima. "Kamata hapo." Nikasimama kwa uzito wangu wote, ambao haukuwa mwingi. Akalegeza kijinati nyuma ya gurudumu, pale kijibomba kilipochomekwa, pedeli ikazama chini yangu kama ardhi inayofunguka, akakaza. Tena. Tena. Sikuwa naona kitu ila kioo cha mbele na ukuta wa Malakia, lakini nilisikia sauti ya Haboba.

"De shunu?" Hii ni nini?

"Hawa," Mama akamjibu. Upepo, kwa Kiarabu.

Haboba akainamia chupa. Baadaye Mama alinisimulia jinsi mapovu yalivyokuwa yakitoka kwenye kijibomba, makubwa kwanza, halafu madogo kama mbegu za ufuta, yakipanda na kupasuka juu bila kufanya lolote la kishetani.

"Hawa sakit?" Haboba akauliza. Upepo tu? Upepo mtupu?

"Hawa sakit, Haboba."

Halafu nikasikia mlio ambao sikuwahi kuusikia kutoka kwa bibi yule, kama mlango mkavu unaofunguliwa baada ya masika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaitoa rozari mkononi akaivaa shingoni. Alisema Rejaf nzima imelala na mishumaa inawaka kwa ajili ya kitu ambacho hata mbuzi hukitoa bila fundi, na kwamba Tabitha atapakia garini makapu mawili, lake na la Haboba, kuanzia kesho. Okello alimuuliza Mama bibi anasemaje. Alipoambiwa, akasema lakini mimi niliwaambia mwanzo, iko na pepo.

Tulizunguka magurudumu yote. Mwishoni Okello akaita kamata hapo, hakufungua kitu, na pedeli haikwenda popote. Nilikuwa nimesimama juu yake kama juu ya jiwe. Nikaruka kidogo. Jiwe. Mpaka leo nikisimama mahali imara, mwili wangu huikumbuka kwanza pedeli ile.

Mama alilijaribu gari mchana kutwa kwenye uwanja wa nyuma, kwa mwendo mdogo, kisha wa haraka, kisha likiwa limebeba mawe. Haboba alipelekwa nyumbani kwa bodaboda. Alikuwa amesema amemwona shetani akitoka, hilo limekwisha. Mteremko bado hajauona.

Asubuhi tulifika juu ya mteremko jua halijatoka vizuri. Chini, ukungu mwepesi ulikuwa juu ya mto. Vani ya buluu ilikuwa pale, muziki umepunguzwa. Wanawake walikuwa wamesimama pembeni na makapu yao. Na katikati ya njia, mahali palepale ambapo mboga zilipondwa, alikuwa amesimama Haboba Keji peke yake, kapu kichwani, mikono imening'inia.

Mama alizima kicheko kilichokuwa kimeanza kumtoka. Alinitazama nilipokaa juu ya kifuniko cha injini, akaweka kitambaa changu sawa. Sidhani alikuwa na hofu. Nadhani alikuwa anaona ukubwa wa kile alichopewa, kwamba mtu mzima wa Rejaf ameiweka mifupa yake mbele ya mguu wake.

Akaanza kuimba. Tukashuka. Udongo ulikuwa na umande, gari likachukua kasi yake, na nikasubiri mdundo. Kisigino changu kilikuwa tayari hewani. Haukuja. Mama alikanyaga mara moja, polepole, kama mtu anayebonyeza donge la ugali, na gari likaanza kupunguza, likapunguza, likasimama kimya, mbali, mbali sana na Haboba. Kati yetu na yeye ungeweza kupanga foleni ya ng'ombe.

Haboba alitungoja. Alipoona hatusogei alitupandia mteremko taratibu, kapu kichwani bila kulishika, hadi dirishani kwa Mama, amekunja uso.

"Mbona umesimama huku juu?" akasema. "Unadhani nani atanibebea kapu mlima wote huu?"

Kisha akageuka, akarudi chini bila kungoja jibu, akasimama tena katikati ya njia. Mama akaachia breki. Gari likashuka kwa upole mpaka pua yake ikawa karibu na kanga ya bibi, likasimama. Haboba alilishusha kapu lake mwenyewe, akafungua mlango wa mbele, akapanda, na nyuma yake mlango wa wanawake ukafunguliwa, wakaanza kuingia wakisukumana na kupeana mboga juu ya vichwa, Tabitha wa mwisho, amebeba makapu mawili, lake na la Haboba. Mimi nilikuwa naangalia chini, kwenye giza la miguu. Mguu wa Mama ulikuwa juu ya pedeli, umetulia tuli. Wimbo ulikuwa unaendelea wenyewe.